Chupa ya Kumi na Saba

Bwana Komanda wa bariyera ya barabara kuu. Padri Étienne, mwenye ukumbi huu. Mama Rosalie, mke wa huyu tunayemuaga. Ndugu wageni waalikwa. Padri, mnisamehe kwa kuwaweka wa pili. Leo ametangulia mwenye bunduki.

Mimi ni Augustin. Miaka sita nimempigia kasia Bwana Placide kwenye ziwa la Tshangalele. Kesho anarudi kwao Kasai, kwa sababu ambazo kila mtu humu anazijua na hakuna anayezitaja. Atapita bariyera na daftari lililojaa tarakimu. Juzi askari walilifungua wakasema ni siri za vita. Jamani, si watu wanapigwa risasi kwa neno kama hilo?

Basi niwaambie tarakimu hizo ni nini. Ziwa nalo linapumua. Gesi ile ile tunayoitoa puani, maji huitoa hewani, na siku nyingine huimeza. Placide hupindua beseni la zinki likaelea juu ya maji, halafu huivuta hewa ya ndani yake mpaka kwenye chupa ya maji ya chokaa. Gesi ikiwa nyingi, maji yanageuka meupe. Anapima, anaandika, basi. Na kila akifungua chupa alikuwa ananikemea, “Augustin, weye usipumue!” maana pumzi ya mtu inaharibu kipimo. Nimezoea kubana pumzi mpaka kanisani.

Mwezi wa nane askari wanne walitukuta katikati ya ziwa. “Ile iko bombe?” Wakaniinamisha juu ya chupa niliyoishika, mdomo wa bunduki shingoni. Placide akawajibu, “Hapana, chef, ni bassin ya kupima mupepe. Ngojeni kidogo, nifunge chupa.” Afunge chupa! Mimi nilikuwa nahema na kulia, na maji yakawa meupe machoni pangu.

Walipotuachia, aliandika: “Chupa ya kumi na saba haifai. Ina pumzi ya Augustin.” Huo ndio mstari uliowashtua askari juzi. Huyu Augustin ni nani, na pumzi yake ni alama ya nini? Nilimsihi Placide auchane ukurasa huo. Akasema, “Nikichana huu, nani ataamini zingine?” Mama Rosalie alilia, lakini Placide hakuuchana.

Bwana Komanda, Augustin ndiye mimi, na pumzi ile ilikuwa woga mtupu. Nina chupa nyingine hapa, ya maji safi ya chokaa, na mrija wake. Ninawaomba mpulize ndani, mbele ya Padri na watu wote hawa. Ikigeuka nyeupe, gongeni muhuri wenu kwenye daftari, ili kesho saa kumi na mbili asubuhi mtu huyu apite akiwa hai.

Asanteni wote kwa kunivumilia hadi hapa. Bwana Komanda, ninawaletea chupa hapo mlipo. Ipokeeni kwa mikono miwili, nami nitabana pumzi.