Miwani, Taya na Safari ya Kwenda kwa Mama

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi mtumbwi ulipopinduka. Nilikuwa na mdogo wangu, tunatoka Ukerewe kumsalimia mama. Mimi nilitolewa majini nikiwa hai. Yeye alitolewa baadaye.

Ndugu zangu wa kikundi chetu hiki cha kufarijiana, wengi wenu hapa ziwa limewachukulia mtu, kwa hiyo sehemu hiyo siielezi. Naeleza iliyofuata.

Nilirudi ng'ambo, Mkuyuni, kwenye cherehani yangu. Kazi nilifanya, lakini melini sikuweza kupanda tena. Nikiona maji tu, miguu inakataa. Mama akipiga simu, "Utakuja lini, mwanangu?" najibu, "Kazi zimebana, mama." Magoti yake yameharibika, kuja kwangu hawezi. Nikajua atakufa hatujaonana.

Niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Niliposikia kuna watafiti wanapima ubongo wa watu wanaoogopa maji, nilienda ili nielewe. Walisema wazi kwamba ule ni utafiti, si tiba. Nikafumua nywele, wakanivalisha kofia yenye waya za kupimia, halafu miwani mikubwa inayoziba macho yote. Ukigeuza kichwa, ni ziwa kila upande. Nilijua nimekaa kwenye kiti, chumbani. Mwili haukujua.

Binti aliyekuwa kwenye kompyuta akawa ananiuliza, "Mama, hali yako?"

"Nzuri."

"Unaendeleaje?"

"Vizuri tu, mwanangu."

Si ndivyo tulivyolelewa? Mtu yuko hoi kitandani, ukimsalimia anajibu nzuri kwanza, ndipo anaeleza ugonjwa. Mimi nilikuwa sifiki kwenye maelezo.

Binti akanivua miwani. "Samahani, mama, unauma meno. Ukibana taya, misuli inachora mistari mikubwa inayofunika ile ya ubongo. Hapa nina taya tupu."

"Basi lipime hilo hilo, ndilo nililokuja nalo."

Tukacheka. Kisha akasema taratibu, "Usinijibu kwa adabu, mama. Nijibu tu."

Maji yakarudi machoni. "Hali yako?"

"Mbaya," nikasema. "Naogopa. Namtaka mdogo wangu." Nikalia mpaka miwani ikaloa. Kulia nako kunaharibu vipimo, lakini hakunikemea. Nilipoitwa tena, taya lilikuwa limelegea.

Namshukuru binti yule. Nawashukuru nanyi, mliovumilia "nzuri" zangu humu ndani bila kunichoka. Na jirani yangu aliyenishika mkono siku niliyopanda meli kwenda kwa mama. Ninachowaomba ni kimoja: ukimuuliza mwenzako hali, usiondoke akishajibu nzuri. Mngoje kidogo.

Sikuvuka kishujaa. Nilishikilia nguzo njia nzima, nikatapika, na uchovu ule bado ninao. Mama alikuwa amekaa mkekani, mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za safari?"

"Mbaya, mama."

Akasogea, akanipa nafasi. "Haya, kaa. Nieleze."