Imepasuka, Siyo Utapasuliwa

Bamama na bapapa, munaniona nimesimama bila fimbo. Musipige makofi kwanza, nianze na ujinga wangu.

Nilikuwa ninashuka kutoka shamba kule Muheto, kitunga cha viazi mugongoni. Mvua ilikuwa imenyesha. Mguu ukabaki kwenye matope, mwili ukageuka, nikasikia goti: ta! Kesho yake lilikuwa limevimba vibaya.

Bwana yangu akanipeleka hospitali na pikipiki, akaningoja inje. Munganga akakunja mguu wangu, akasema: "Mama, kartilaji ya goti imepasuka." Kartilaji njo kile kitu laini katikati ya mifupa, ili isisagane.

Miye nilisikia pasuka tu. Ndugu zangu, nawaambia, kwetu kupasuliwa njo kisu! Nikaomba kwenda choo, nikatokea mulango wa nyuma, ninaruka na mguu mumoja mpaka kwenye pikipiki. Bwana akauliza: "Wamesema nini?" Nikajibu: "Nirudi nyumbani." Munacheka? Nilimudanganya, kweli.

Miezi mitatu nilikandwa na majani ya moto. Uvimbe ulipungua, lakini kushuka kilima, hapana. Shamba likamea majani. Hata hapa kanisani, ninyi munapiga magoti, miye ninaomba nikikaa. Niliona haya, na niliogopa sitalima tena.

Siku moja wifi yangu alinikuta jikoni ninalia. Nikamuambia yote. Akaniangalia. "Wifi, walikuambia imepasuka, ao utapasuliwa?"

Eh! Nikajibu: "Imepasuka." Akanirudisha kwa munganga yeye mwenyewe.

Munganga alicheka, kisha akaketi. "Mama, imepasuka ni habari tu. Kupasuliwa ni shauri, na utaamua wewe." Akasema wengi kama miye wanaanza na mazoezi ya kine, yale ya kunyoosha na kutia viungo nguvu, bila mizigo mizito; yakishindwa, njo tutaongea operasio. Nikauliza, nikauliza tena, naye akajibu bila kuchoka. Nikachagua mazoezi.

Yaliuma! Nilinyoosha mguu kila asubui, bwana yangu anahesabu kwa sauti, na nikitaka kuiba hesabu anaanza upya. Wifi alibeba kitunga changu musimu muzima. Aksanti, wifi. Aksanti, bwana, na unisamehe ule uongo. Ninyi wengine, munganga akisema neno, muombe alirudilie mbele ya kuomba choo.

Sasa munipishe hapo mbele kidogo. Siku zote hizi nimemushukuru Mungu nikikaa. Leo ninapiga magoti, yote mawili.