Maji Mabichi ya Kapteni Okeny

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Nakawa: benchi moja la mbao, na jiwe la yeyote aliyechelewa. Mwaka ule wa sabini na saba sukari ilikuwa imehama nchi, kwa hiyo kahawa ya Abudu tuliinywa chungu hivyo hivyo, tukitafuna karanga na kusema watu. Mimi fundi saa, sipendi kelele, lakini wakati ule kimya ndicho kilichotutisha zaidi. Alhamisi hiyo hata masihara yalikuwa yanatoka kwa shida, maana Mushagalusa, fundi viatu wetu kutoka Kongo, alikuwa amebakiwa na siku mbili.

Chanzo ni mdomo wa Odoch, ambaye sisi tunamwita Redio. Mushagalusa alikuwa ametusimulia hapa hapa jinsi alivyofuga samaki wa rangi kwenye masanduku ya vioo kule Uvira, kwa Mbelgiji mmoja aliyewapeleka Ulaya kwa ndege. Vita vya sitini na nne vikamkimbiza, na tangu hapo hajagusa samaki ila wa kwenye sahani. Redio akayabeba yote hadi kwa dereva wa Kapteni Okeny. Na Kapteni alikuwa na sanduku la kioo, refu kama kitanda, alilolikuta katika nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa, huko Kololo. Miaka mitano mkewe, Amito, alikuwa akiweka vitunguu humo. Sasa Jumamosi wakubwa wa jeshi wanakuja kula, na Kapteni anataka wakute samaki wanaogelea.

Mushagalusa akaitwa, akaleta nkejje hai, samaki wadogo wa ziwani, kutoka Gaba. Sisi nkejje tunamjua akiwa mkavu kwenye kijiti, dawa ya mtoto mwenye surua. Alipotuambia kwamba akiwa hai dume lake ni la buluu na mkia mwekundu, tulimcheka. Kumi wa kwanza walikufa Jumanne asubuhi. Amito, mama msafi, alikuwa amesugua kioo na mawe kwa sabuni ya Omo hadi vikang'aa. Kapteni hakupandisha sauti. Alisema kwa Kiswahili cha kambini:

— Samaki ikikufa tena, wewe nafuata.

Ndiyo maana Alhamisi hiyo Mushagalusa alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

— Si umeweka wengine? nikamuuliza.

— Sita. Na mawe yenye utelezi nimeyatoa ziwani, nimemwomba mama asiyaguse. Lakini maji bado mabichi, mzee. Maji lazima yaive kwa kukaa. Uvira tulikuwa tunangoja majuma matatu ndipo tunaingiza samaki. Nimesahau mengi, hilo sikulisahau. Niliogopa tu kulisema. Leo asubuhi wawili wanahemea juu ya maji.

— Yachemshe, akasema Redio. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

— Ukichemsha utapata mchuzi, akajibu Abudu.

Kakule, ambaye jina lake la kijiweni ni Katekista, alishauri tope. Koroga tope, wageni wasione kitu, useme samaki wamelala. Redio akaona hila hiyo ni ndogo. Yeye alitaka tununue nkejje wakavu sokoni, tuwapake rangi ya kucha, tuwaning'inize kwa uzi ndani ya maji. Saa mbili usiku wakubwa watakuwa wamelewa, nani atakwenda kuwasalimia samaki? Abudu alisema heri fundi apande basi la Kasese usiku huo huo, avuke mpaka arudi Kongo. Katekista akamkumbusha kuwa njiani vizuizi vya askari ni vingi kuliko vituo.

Peugeot moja, kama zile za wanaochukua watu, ikapita polepole, kioo cha nyuma kimeshushwa. Abudu akaanza kueleza kwa sauti jinsi ya kukaanga karanga. Tulimsikiliza wote kana kwamba hatujawahi kuona karanga. Gari lilipokata kona, tukarudi kwenye samaki.

— Mimi ndiye niliyemponza, akasema Redio, na mara hii hakuwa na methali. Niende mimi nikamwombe Kapteni hayo majuma matatu.

— Wewe? Utaongeza maneno, akasema Mushagalusa. Nitakwenda mwenyewe. Tangu Jumanne sijamkuta, mama ananiambia yuko kazini. Leo nitamngoja mlangoni.

— Na akikataa? akauliza Abudu.

— Basi amekataa.

Akasimama kujipukuta suruali. Hapo ndipo tulipomwona Amito akija kwa miguu. Mke wa Kapteni, ambaye siku zote huletwa sokoni na gari, alikuwa na kandambili na vumbi hadi magotini. Sote tukainuka. Mushagalusa hakungoja salamu.

— Mama, wamekufa?

— Samaki wazima, akasema. Wale wawili wameshuka chini, wanakula.

Fundi akafunga macho, akamshukuru Mungu kwa Kishi, lugha ya kwao. Nami moyo ukatulia, nisidanganye. Kisha nikaona Amito hajaondoka.

— Sikukwambia kweli, fundi. Okeny aliitwa Jumanne jioni, pamoja na dereva wake. Aliniambia nimwekee chakula. Jana nilikwenda kambini, leo nimekwenda tena. Langoni wananiambia hapo hakuna mtu wa jina hilo, hajawahi kuwapo. Hao hao waliokuwa wanampigia saluti.

Hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayeuliza njia.

— Nyinyi mnakaa hapa kutwa, mnajua watu. Mimi sasa niende kumuuliza nani?

Mushagalusa alitaka kuomba siku ishirini na moja tu, na sasa hata wa kuombwa hayupo. Abudu aliinamisha birika juu ya kikombe alichomwekea Amito, likatoa mashapo matupu. Tulikuwa wanaume watano, tukampisha benchi lote.