Laini ya Mamello

Ndani ya basi la Mafeteng, mzee mmoja, Ntate Lebusa, alimwambia mama mwenye kabichi aliyeketi kando yake kwamba anakwenda kumkabili mwenyekiti wa redio.

"Walifunga studio, wakawaambia watangazaji wa kujitolea watangazie majumbani. Mke wangu Mamello alisoma matangazo ya vifo kwa simu, kajifunika blanketi zito, eti mwangwi usisikike. Kifua kikamharibikia humohumo. Mazishini hawakuja. Na kila Alhamisi jioni kompyuta yao bado inafungua laini yake ya simu na kuirusha hewani! Watu wananisikia nikikohoa."

"Kumbe ni wewe, ntate!" Mama akacheka. "Tunakusikia mpaka ukimgombeza paka. Si uizime hiyo simu mwenyewe?"

"Iko kwenye chaji, chini ya blanketi lake. Haliguswi mpaka ndugu zake waje kugawana nguo. Lakini leo ni Alhamisi, na leo wataikata."

"Wasiikate, ntate. Tunapenda kumsikia."

"Kumsikia nani?"

"Mkeo. Si ndiye aliyekuwa akivuta pumzi ndefu kabla ya kusoma majina? Wiki iliyopita alivuta. Tukanyamaza, hakusoma."

"Acha utani, 'm'e, mama yangu. Wiki iliyopita nililazwa. Nyumba ilikuwa na kufuli, na ufunguo ninao mimi."

Mama hakucheka tena.

"Ofisi ya redio, shuka!" kondakta akaita. Basi likasimama. Lebusa aliinuka, ufunguo mkononi, lakini hakushuka. Saa ya matangazo ya vifo ilikuwa imefika; dereva akaongeza sauti ya redio, na abiria wote wakanyamaza, kama watu wanaosubiri majina.