Onyo Alilolipuuza Mzee Asukile

Baada ya miaka thelathini na minne katika kiwanda chetu cha chai, Bwana Asukile Mwaisaka anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kama karani wa mizani, akipima majani ya wakulima katika mvua yetu isiyojua kuchoka, na anaondoka akiwa msimamizi wa kompyuta zote za kiwanda.

Kazi hiyo ya pili alijifunzia hapahapa, na wengi wetu tumeonja ukali wake. Asiyeweka nakala ya kazi yake alisemwa mbele ya watu saa ya chai. Dickson wa stoo, aliyeifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, alitaniwa mpaka akakirudisha kwa mkewe. Kwa Mzee Asukile, kompyuta kufa na kazi ya mtu ni uzembe, si bahati mbaya.

Kwa hiyo tulishangaa alipotuomba tusiandike neno kompyuta katika wasifu huu. Alikuwa anaona haya. Tulimbembeleza, akasimulia, kisha akasema afadhali tuliandike.

Kompyuta ya nyumbani kwake Nkunga ilianza kutoa onyo kila ilipowashwa: diski inakaribia kufa, weka nakala mara moja. Yeye akabonyeza kitufe cha kuendelea. Akaendelea hivyo tangu Krismasi mpaka masika. Mganga hajigangi. Mle ndani ilikuwamo sauti ya marehemu mama yake, akieleza kwa Kinyakyusa ukoo wao ulikotoka na nani kamzaa nani. Nakala nyingine haikuwapo. Asubuhi moja diski ikaanza kugongagonga na kioo kikabaki cheusi.

Alikaza nyaya, akalaumu unyevu, akalaumu umeme. Akaizima na kuiwasha, kuizima na kuiwasha, jambo ambalo hapa kazini angemfokea mtu.

Fundi wa karibu wa kuokoa vitu kwenye diski ya namna hiyo alikuwa Jenifer, mke wa mwanawe, mwenye duka la kutengeneza kompyuta Tukuyu mjini. Lakini katika nyumba ya Mzee Asukile mila bado inafuatwa: mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wala kuzungumza naye. Jenifer alipofika kwa bodaboda, mzee alikimbilia jikoni, na mkewe, Mama Veronika, akawa mjumbe wa kupeleka maswali na kurudisha majibu.

Swali la kwanza: onyo lilianza lini? Mzee akajibu kwamba ni jana. Mama Veronika, aliyemwona akibonyeza kila asubuhi, hakulipeleka jibu hilo. Alisimama mlangoni akimtazama tu. Mzee anasema hajawahi kuona aibu kama ile. Mwishowe akapaza sauti mwenyewe kupitia ukutani: "Mwanangu, ni tangu Krismasi. Nililiona, nikalipuuza." Ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwa mkwewe.

Jenifer aliagiza isiwashwe tena. Aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akaanza na sauti ya mama yake mzee kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa diski inayokufa haitoi nafasi mbili. Ilitoka karibu nusu, diski ikanyamaza kabisa. Marehemu anasikika akifika kwa babu yake, anavuta pumzi ataje jina linalofuata, basi. Kutoka jikoni mzee alishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu," na hakutoka humo mpaka bodaboda ilipoondoka.

Mzee Asukile, tunakushukuru kwa kompyuta ulizotufufulia, na hata kwa masimango ya saa ya chai, ambayo sasa tutayazingatia. Umetuambia safari yako ya kwanza ni Isongole, kwa shangazi yako Tusajigwe, mtu wa mwisho anayeijua nusu iliyopotea, na kwamba siku hizi shangazi husahau hata majina ya wanawe. Kwa hiyo hatutakuweka sana kwenye sherehe. Tunakutakia afya, baraka na mapumziko mema, na tunakutakia umkute bado anakumbuka.