Dastan, Datsun Nyekundu na Taa ya Subaru

Tarehe 30 Juni 2024 Bwana Dastan Ndyamukama anastaafu, baada ya miaka thelathini na sita ya udereva katika Ushirika wa Kahawa Nyakashozi. Kamati iliniagiza niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa nimekasirika.

Alianza na Datsun nyekundu ya milango miwili, gari la mashindano la miaka ya sabini ambalo ushirika ulilinunua mnadani. Datsun hiyo ilikuwa na kelele, joto na harufu ya petroli, lakini ikiumwa ilisema mapema. Mwaka 1994 jiwe lilitoboa tangi karibu na Kituntu. Dastan akaziba tundu kwa kipande cha sabuni ya mche, na sampuli za kahawa zikafika Bukoba kabla waonjaji hawajafunga ofisi. Kwenye kisahani chake cha majivu hakukuwa na majivu. Kulikuwa na akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna, na kila mkulima aliyepewa lifti alikaribishwa nazo.

Mwaka 2019 ikaja Subaru ya bluu, Datsun ikabaki ya akiba. Mwenyekiti wetu, Bwana Lameck Rwegoshora, alitaka tuwe tunafika Bukoba kabla ya chai, na kwenye lami tulifika. Sikatai, inashika kona, breki zake ni za uhakika, na kiti hakiumizi mgongo. Dastan mwenyewe aliipenda. Wanaosema mzee hakuyaweza magari ya kisasa ni waongo. Ubaya wa Subaru ni kwamba tumbo lake liko chini, na ikiumwa haipigi kelele. Inawasha taa ndogo tu, na ukiidharau umekwisha.

Machi 2021, barabara ya Bugomora, tumbo liligonga jiwe na mafuta ya injini yakaanza kumwagika. Taa nyekundu ikawaka. Dastan ndiye aliyeiona kwanza, akasema, "Mwenyekiti, zima injini." Alimwambia mwenyekiti kwa sababu mwenyekiti ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa ameomba kuonja mwendo, na kwetu mkubwa akiomba usukani hanyimwi. Akajibu, "Tufike kwanza, mzee." Kilomita mbili mbele injini ikanoki.

Barua ya onyo akaandikiwa Dastan, eti alikuwa anaendesha yeye. Niliichapa mimi, Adventina Kemirembe, karani wa ushirika, niliyekuwa kiti cha nyuma siku hiyo. Aliisaini, akaitikia shikamoo yangu kama kawaida, akarudi kwenye Datsun yake. Miaka mitatu barua hiyo imekaa kwenye faili lake nami nimenyamaza. Sehemu kubwa ya hasira hii ni yangu juu yangu mwenyewe.

Mzee Dastan, asante, na unisamehe. Tunakutakia afya, migomba isiyojua mnyauko na asubuhi zisizo na haraka.

Kwa desturi yetu, wasifu wa mstaafu husomwa kwa sauti na mwenyekiti. Nakala zimeshagawiwa kwa wanachama wote, nao wanafuatilia mstari kwa mstari. Mwenyekiti, usiruke aya.