Mama Waya na Fimbo za Roshani

Wapendwa waombolezaji, uongozi wa chuo, majirani na wanafunzi wa marehemu, kwa niaba ya familia nasimama mimi mdogo wake wa mwisho, fundi wa kuchomelea, kusoma maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Waya, na naomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu kuna aya moja tuliyoombwa kwa upole tuiruke, na hatutairuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi wa mabehewa na mama mshonaji, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alianza kubisha kabla ya kuota meno.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari ya wasichana hadi 1975, ambako alining'iniza mawe kwenye waya dirishani, akipima umerefuka kiasi gani, na mwalimu wa zamu alipoyaondoa, yeye aliyarudisha siku hiyohiyo. Alihitimu uhandisi mwaka 1980, mwanamke peke yake darasani, na Januari 1981 akaajiriwa na chuo hiki kufundisha uimara wa vyuma, yaani kukokotoa chuma kinavutwa kwa nguvu gani kwa kila milimita ya mraba, kinarefuka kiasi gani, na mzigo ukiondolewa kitarudi kilivyokuwa au ndiyo basi tena.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa magitaa, aliyekuja maabara kuuliza kwa nini nyuzi zake zinakatika, akaelezwa kwamba anazikaza kupita kiasi, akaelewa vizuri sana, lakini akaendelea kuzikata ili apate sababu ya kurudi. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mkunga, na kijana ambaye ni mpishi.

Sasa ile aya. Mwaka 1994 chuo kilijenga ukumbi huu tuliomo, roshani hiyo mnayoiona juu ikaning'inizwa paani kwa fimbo za chuma zenye upana wa milimita ishirini, na marehemu akawapa wanafunzi wake kazi ya kuzikokotoa. Darasa zima lilileta mkazo, yaani ile nguvu kwa kila milimita ya mraba, mara nne ya ule ulioandikwa kwenye mchoro, naye, kwa kuuamini mchoro, akawapa wote sifuri, kisha roho ikamsuta, akarudia hesabu mwenyewe mezani jikoni, akaona kwamba mchoraji alichukua upana wote wa fimbo akauweka mahali pa nusu yake, hivyo eneo la chuma likahesabiwa mara nne ya lilivyo. Asubuhi aliwaomba wanafunzi radhi, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo wa wakati ule, aliyemjibu kwamba mialiko imeshatoka, na kwamba roshani imesimama wiki mbili bila neno. Dada alimwambia, "Imesimama tupu. Chuma hakijui tarehe ya sherehe yenu."

Siku ya ufunguzi, Jumamosi tarehe 12 Novemba 1994, aliweka kiti kwenye ngazi ya roshani, akaketi akisahihisha mitihani, akatishwa, akabembelezwa, asibanduke, walimu wenzake wawili wakaleta viti vyao wakaketi naye, na wageni wakabanana huku chini wakinung'unika. Jumatatu alisimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Likizo ya Desemba mafundi waliingia kimyakimya, wakaweka fimbo zenye upana maradufu, dada akarudishwa kazini Februari, hakuna aliyesema asante wala samahani, na neno lile likabaki kwenye faili lake, likamnyima ukuu wa idara mara tatu, hadi alipostaafu mwaka 2016. Juzi mwakilishi wa chuo alikuja msibani, akatuomba tuiruke aya hii, tuseme tu kwamba kipindi kile dada alikuwa likizo ya uzazi, ilhali kitinda mimba wake alikuwa darasa la tatu, na shemeji, ambaye ni mtu wa kucheka, alimfungulia mlango atoke. Tumekasirika, na hatufichi.

Machi 2023 madaktari waligundua kwamba mshipa mkubwa wa damu tumboni mwake umetanuka, akadai aambiwe upana wake na unene wa ukuta wake, akakokotoa kwa kidole juu ya shuka, akakubali kupasuliwa, lakini moyo haukustahimili, akafariki tarehe 6 Aprili 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu kila alichouliza, na aliuliza kwelikweli, majirani ambao hawajatuacha peke yetu tangu siku ile, na wafanyakazi wenzake, hasa wale wawili wenye viti. Ninyi mlioketi roshani leo mko salama kwa sababu yake, na faili bado linamwita mtovu wa nidhamu.

Dada, pumzika wewe kwa amani. Sisi hatupumziki mpaka neno lile lifutwe.